Saa ya Babu na Saa ya Bana Kasuba

Mwadi, mutoto wangu,

Umeenda kuaga watu wa kwaya, na mama yako ameenda ku soko kutafuta sabuni ingine ya kuongeza mu sanduku lako, kama vile Ndola hakuna sabuni. Niko peke yangu nyumbani. Jua bado liko juu. Leo nilifunga meza ya kazi mapema juu ya barua hii. Mambo ya chakula, ya baridi, ya kuchagua marafiki, mama yako amekwisha kuyasema yote, tena mara mbili. Mimi nitakuandikia juu ya saa.

Unaijua ile saa ya mufuko ya Babu, ile tunayoweka mu kitambaa cha bluu. Ulipokuwa mudogo ulikuwa unailalia sikio mpaka usingizi unakukamata. Kisha siku moja ikasimama. Ukaniuliza, nikakuambia muchanga wa ziwa uliingia ndani. Uliamini. Mwadi, hakuna muchanga ulioingia. Nilikudanganya, na nataka ujue namna ilivyokuwa kabla haujaondoka.

Nianze na Babu, juu wewe haukumuona.

Baba yangu alikuwa shefu wa treni kule Katanga. Wakati ule njia ya reli ilikuwa moja tu. Treni ya kupanda na treni ya kushuka zinapita mulemule, moja inangojea ingine ku gare, pale ku stesheni. Kama saa ya mutu mumoja imechelewa dakika ine, watu wanakufa. Ndiyo maana kampani haikukubali mutu atumie saa yoyote tu. Waliwapatia wafanyakazi saa za mufuko kutoka Ulaya, za kadrani nyeupe na namba kubwa nyeusi zinazosomeka hata taa ikiwa ndogo, na mugongoni wamechora kichwa cha treni. Saa zenyewe zilikuwa nzee kuliko watu waliozivaa. Muzungu mumoja alirudi kwao, saa yake ikapewa mwingine, kisha mwingine, mpaka ya mwisho ikafika kwa baba yangu. Siku alipomaliza kazi walimuachia iwe yake, na jina lake wakaliandika ndani ya kifuniko, herufi ndogo za kulala kama majani yaliyopigwa na upepo.

Kila asubuhi alizungusha kichwa cha ile saa kwa vidole viwili, polepole, akihesabu. Sisi watoto tulijua kunyamaza mpaka amalize. Mama yangu alikuwa anamuambia, "Ile saa ndiyo bibi yako wa kwanza." Baba anajibu, "Na haijagombana na mimi hata siku moja." Jioni alikuwa anavua viatu, anaweka saa mezani, na nyumba yetu yote ya Likasi ilikuwa inajaa ile sauti. Nikifunga macho leo, sioni sura ya baba vizuri tena. Sauti ile ninaisikia.

Ni juu ya saa ile nilipenda kazi hii. Baba alinipeleka kwa fundi mumoja wa Likasi, muzee wa kuvaa kofia hata ndani ya nyumba. Yeye alikuwa na saa ya zamani zaidi, ya kutia nguvu na ufunguo mudogo, na kila siku alitafuta ule ufunguo mahali alipoupoteza. Akaniambia saa za kwanza zote zilikuwa vile, kichwa cha kuzungusha na vidole kilikuja nyuma. Akaniambia pia kwamba vita kubwa ya wazungu ilipokuja, askari hawakuwa na wakati wa kuchomoa saa ku mufuko, wakaanza kuifunga ku mukono. Kutoka siku zile saa za mufuko zikaanza kulala mu masanduku ya watu.

Alinifundisha kusoma uzima wa saa. Watu wengi wanafikiri saa ya zamani ina bei juu nyumba yake, lile ganda la nje, ni ya feza. Mutu anayejua anafungua mugongo kwanza. Ku saa zile za reli, kiwanda kiliandika namba ku nyumba ya saa, na namba ileile ku mashini iliyo ndani. Zikifanana, saa ni nzima, hata kadrani ikiwa na ufa kama unywele. Zisipofanana, mutu ameziunganisha huko kwa njia, na thamani yake imekwisha. Tena alinikataza kusugua. Fundi mubaya anasugua saa ing'ae kama kijiko, mpaka ile treni ya mugongoni inafutika, kisha anamurudishia mwenyewe na anangojea asante.

Siku tulipokimbia vita nilifunga saa ya baba mu plastiki nikaitia mu suruali. Mutumbwi ulijaa mayi mbele ya kufika, tukashuka, mayi mpaka kifuani, wewe uko juu ya mabega yangu unalia viatu vyako. Sikukumbuka saa mpaka Kenani, ku kambi ya wakimbizi, tukiwa mu mustari wa kuandikisha majina. Nikaingiza mukono ku mufuko, plastiki ilikuwa imejaa mayi. Na vyombo vyangu vyote vilibaki Pweto, kule nilikuwa ninafanya kazi. Wakati nilipopata turnavisi ya kuifungua, kutu ilikuwa imekwisha kula mashini.

Bon. Unajua tulivyoanza hapa Zambia. Meza yangu ku soko ya Kashikishi, mwavuli wa kuazima, betri za saa za Kichina, vioo vya simu. Mwaka wa pili, asubuhi moja, mama muzee mumoja wa Puta alisimama mbele ya meza, akafungua pembe ya chitenge chake, akatosha saa.

Nilifikiri naota. Ilikuwa sawa na ya Babu. Treni ileile mugongoni, kadrani ileile.

"Mukwai, ba fundi," akasema. "Hii ni ya bwana yangu. Imesimama tangu tulimuzika."

Jina lake Bana Kasuba, namna huku wanasema mama wa Kasuba. Bwana yake, Shi Kasuba, alikuwa kijana wa huku Luapula aliyevuka kwenda kutafuta kazi ya reli kule kwetu, kama wengi wa wakati wake. Mama huyu alinisimulia yote akiwa amesimama. Mvua ilikata njia usiku, daraja likabaki linaning'inia, na Shi Kasuba alikimbia na taa mbele ya treni mpaka ikasimama. Ndipo walimupa ile saa. "Alituhadithia mpaka watoto wakaijua kwa kichwa," akasema, na akacheka kidogo. "Ku Puta wako watu walisema anajisifu. Mimi nikiwaonyesha saa, wananyamaza."

Nikaifungua. Haikuwa na ugonjwa. Mafuta yamekauka, vumbi kidogo, kazi ya nusu siku. Nikamuambia arudi kisha siku ine.

Siku ya kwanza niliisafisha, ikatembea. Na ile sauti, Mwadi, ilikuwa sauti ya nyumba yetu ya Likasi. Nililia pale ku soko, mpaka mutu wa kuuza vocha akaniuliza kama macho yananiuma. Siku ya pili niliiacha imefunikwa. Siku ya tatu nilikuja na saa ya baba yangu, nikazifungua zote mbili. Mashini ya saa ya Shi Kasuba nikaitosha, nikaitia mu nyumba ya saa ya baba. Ile yetu ya kutu nikaisugua, nikaitia mafuta mingi, ikakubali kutembea kidogo, nikaifunga mu nyumba ya saa ya Shi Kasuba. Nilijiambia, yeye ni muzee, anataka tu kuishika mukononi, hangojei treni. Ilikuwa kazi ya saa moja, na mikono yangu haikutetemeka. Hiyo ndiyo inaniogopesha mpaka leo.

Aliporudi nikamuambia, "Ba mayo, ilikuwa imeharibika sana. Nimejaribu. Itatembea na kusimama, utakuwa unaivumilia."

Alipiga magoti kidogo na kupiga mikono, namna wanashukuru huku. "Natotela sana, ba fundi." Kisha juma moja akatuma kikapu cha chisense, zile samaki ndogo za ziwa. Mulizikula wewe na mama yako, mukasema ni tamu. Mimi nilisema tumbo linaniuma.

Ni hapo nilikuletea saa inayotembea. Ni mashini ya Shi Kasuba ulikuwa unailalia sikio.

Kisha mwaka na kitu, ku soko alikuja mutu wa Lusaka anayenunua vitu vya zamani, maredio, sarafu za makuta za zamani, masaa. Hakuwa na mahali pa kukaa, nikamupa kiti ku meza yangu, hata lupu yangu ya jicho, ile ya kuonea vitu vidogo, nikamuazima. Habari zikatembea mpaka Puta. Siku ya pili Bana Kasuba akafika. Hakutaka kuuza. Alitaka mutu mukubwa wa Lusaka aione, aseme mbele ya watu kwamba ni saa ya kweli.

Yule mutu alifungua mugongo. Akaangalia wakati murefu.

"Ba mayo, nyumba hii ni ya reli kabisa," akasema. "Lakini mashini si yake. Namba ya hapa na namba ya hapa ni mbalimbali. Saa hii imeunganishwa. Bwana yako labda aliinunua kwa njia."

"Awe, hapana," akasema mama. "Alipewa. Alisimamisha treni."

"Labda ndivyo alivyosema."

Akageuka kwangu. Watu walikuwa wametuzunguka. "Ba fundi, wewe unajua. Ni kweli? Namba hazifanani?"

Nikasema, "Hazifanani, ba mayo."

Lilikuwa neno la kweli, Mwadi, na ni uongo mukubwa kuliko wote niliosema mu maisha yangu. Yeye akafunga saa mu pembe ya chitenge, akafunga fundo mara mbili, akaondoka bila kuaga mutu.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka muzima. Nilikula, nilisali, nilikufundisha hesabu. Mutu anaweza kuishi na kitu cha namna ile, sitakudanganya kwamba haiwezekani. Kila siku kinapata mahali pake, kama kiti kibovu mu nyumba, unajua tu kutokikalia.

Kisha Kasuba, yule binti yake anayeuza samaki, alikuja kubadilisha betri. Nikamuuliza habari za mama. Akasema, "Mama amebadilika. Ametosha picha ya baba ku ukuta. Watoto wakitaja mambo ya treni anawafukuza. Anasema, 'Miaka yote ile nilimupikia mutu wa uongo.' Ku misa ya marehemu alikataa jina la baba lisomwe."

Mimi nilifikiri niliiba mashini ya saa. Sikujua nilikuwa nimemuchukua bwana yake.

Siku iliyofuata nilikamata gari ya Puta na vyombo vyangu vya kazi, turnavisi, lupu, pense, na saa ya Babu mufukoni ikitembea. Njia yote nilikuwa ninaisikiliza. Nilijua ni mara ya mwisho.

Nilimukuta ameketi ku mukeka anachambua samaki, pamoja na Kasuba na mama wawili wa kanisa. Nilitaka kuomba tuseme peke yetu. Akasema, "Sema hapa." Nikasema hapo. Nilisema yote, namna nilivyokuandikia sasa, ila kwa haraka zaidi. Mama mumoja aliweka mukono ku kinywa.

Bana Kasuba akaingia ndani, akarudi na saa, akaiweka mbele yangu. "Rudisha. Mbele ya macho yangu."

Nikazifungua zote mbili juu ya kitambaa, nikarudisha kila mashini mu nyumba yake. Mbele ya kufunga nikamupa Kasuba lupu. Mama yake hajui kusoma, akamuambia, "Soma namba ya nyumba." Kasuba akasoma, namba moja moja. "Sasa soma ya mashini." Akasoma. Zilikuwa sawasawa, ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Soma tena."

Akasoma tena.

Yule mama muzee akagusa saa na kidole. Kisha akasema polepole, lakini si kwetu, "Shi Kasuba. Kumbe alisimamisha treni." Akafunika uso na chitenge, na wale mama wa kanisa wakamushika huku na huku. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na turnavisi mukononi kama mupumbavu. Alipofunua uso akaniangalia. "Wewe, toka kwangu." Nikakusanya vyombo, nikatoka. Hawakunipa mayi, na sikuyastahili. Nilingojea gari ku barabara mpaka jua likaanza kushuka.

Sasa unajua juu ya nini saa ya Babu imenyamaza. Nimeirudishia mashini yake mwenyewe, ile ya kutu, na haitembei.

Mama yako nilimuambia siku ileile. Alininyamazia siku mbili. Ya tatu akaniuliza tu, "Na mutoto?" Nikasema wewe bado mudogo. Ndivyo nilivyojificha nyuma ya umri wako, na umri wako ukazidi kukua.

Unakumbuka miezi ile tulikula bukari na majani ya sombe, bukari na sombe, bila samaki, na nilikuambia simu zimeua kazi ya masaa? Hayo pia hayakuwa kweli. Bana Kasuba aliwaambia watu wa Puta, na Puta ikaambia Kashikishi. Watu walipita mbele ya meza yangu wakiangalia upande mwingine. Hawakukosea.

Kisha mwaka, alikuja mwenyewe. Saa imesimama tena, mafuta yamekauka. Aliiweka ku meza, akavuta kibao cha yule mutu wa vocha, akakaa karibu yangu kabisa. "Fungua," akasema. "Mimi nakaa hapa." Nusu siku nzima alikaa, anaangalia mikono yangu. Nilipomaliza, alitaka lupu, akafungua mugongo mwenyewe, akaangalia zile namba ambazo hajui kuzisoma, lakini nafikiri sasa anazijua kwa sura. Watu wa soko walituona. Kutoka siku ile, mumoja mumoja, wakaanza kurudi.

Anakuja kila mwaka. Sijamusikia hata siku moja akisema amenisamehe, na mimi sijamuuliza. Anakaa, anaangalia mikono.

Juma lililopita alikuja mbele ya wakati wake, na saa ilikuwa haina shida. Akasema, "Nasikia musichana wako anaenda kusoma kazi ya hospitali."

"Ndiyo, ba mayo."

"Umemuambia?"

Nikaanza kupanguza lupu.

"Muambie," akasema. "Usipomuambia wewe, siku moja mutu wa Puta atamuambia, na hatamuambia vizuri."

Sitaki kukuhubiria, Mwadi. Ninafikiri tu juu ya kazi unayoenda kusoma. Watu watakuja mbele yako na miili yao namna yule mama alikuja na chitenge chake. Hawaoni ndani. Wanakuamini juu hawana namna ingine. Na wewe utaweza kuwaambia neno lolote, hata neno la kweli lililowekwa mahali pabaya, na watarudi nyumbani nalo. Mimi sikufundishwa hilo kule Likasi. Nilijifunza siku Kasuba alikuja kubadilisha betri, nikiwa na mvi kichwani.

Saa ya Babu nimeitia mu sanduku lako, chini ya nguo za kanisa. Namba zake zinafanana, nimeziangalia tena leo asubuhi. Jina lake bado linasomeka mu kifuniko. Kule Ndola unaweza kupata fundi atakayekuambia ataitia mashini mupya, itembee vizuri. Labda utataka kuisikia tena, na sitakukataza, ni yako. Mimi nilishindwa kuchagua vizuri mara moja, sitakuchagulia wewe. Usiisugue tu.

Ninasikia sauti yako kule kwa jirani, umekwisha kurudi, unacheka na watoto wa mama Chanda. Nitakupa barua hii mu mukono wako, sitaificha mu sanduku. Isome leo. Kesho tutatembea pamoja mpaka ku barabara, na gari ya Mansa mara nyingi inachelewa. Ukitaka kuniuliza kitu, uniulize pale. Ukikasirika, ukasirike pale, niko karibu. Nitakujibu kila neno.

Baba yako,
Ilunga